Kisanduku cha Sababu

4 Machi

Kwanini wangu,

Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo? Na huyo mtoto aliyeanza kutambaa kinyumenyume, ameshajua mbele ni wapi? Sisi huku wazima. Baba yako goti linamsumbua, ukimwuliza anasema ni viatu. Mama yako amepaka sebule rangi ya kijani ambayo sitaisema zaidi ya hapo, maana ndiye atakayeipeleka barua hii posta na bahasha zangu hazigandi vizuri. Chumba changu cha uani nimempangisha muuguzi mwenzangu aliyeajiriwa mwaka huu. Tunamwita Chiriku. Anaongea akila, anaongea akifua, nadhani hata usingizini anamsimulia mto. Nyumba imechangamka.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Hukuitwa Kwanini bure. Nikikupigia unasema uko kikaoni, na barua haina kikao. Tena simu yangu naipokelea wodini, ambako kuta zina masikio na zimesomea kazi hiyo.

Neno lenyewe ni hili. Ile programu yenu ya kupanga zamu, ambayo mnaitoa bure na kila mtu anaweza kuifungua aone ilivyotengenezwa, hospitali yetu inaitumia tangu mwaka juzi. Zamani ratiba ya wodi niliipanga mimi kwa penseli na kifutio. Sasa inapangwa kwenye kompyuta ofisini, na mtu akilalamika anaambiwa, "Si sisi, mashine ndiyo imepanga." Mashine, mwanangu, ni wewe.

Mna ukurasa wa maombi, ambapo watumiaji wanaandika wanachotaka kiongezwe. Kuna ombi moja pale la zamani sana: mtu aweze kuchagua mwenzake ambaye hatapangwa naye zamu moja. Linaota ukungu. Nataka lifanywe kabla ya Desemba, nitakapostaafu. Mimi ni baba yako wa kike, sijawahi kukuomba kitu kwa upande wa kazi. Naomba hili, na usiniulize zaidi.

Shangazi yako


27 Machi

Shikamoo shangazi,

Barua yako imefika ikiwa imefunguka upande mmoja, kwa hiyo mama sasa anajua habari ya kijani. Sisi wazima. Mtoto bado anarudi nyuma, anatuaga kila tunapomwita. Mke wangu amehamishiwa tawi jingine la benki, anasema foleni ni ndefu lakini kiti ni kizuri. Mwambie baba aende akapige picha goti. Na wewe mwenyewe, nasikia bado unafanya zamu za jioni! Wenzako wa rika lako wanaingia asubuhi na saa nane wako nyumbani wamenyoosha miguu. Unatafuta nini huko jioni, shangazi?

Sasa ombi lako. Nitakueleza ilivyo ili usidhani nakupuuza. Programu hii si yangu. Niliirithi kwa mwanzilishi aliyechoka, na sasa tumebaki wawili tunaoitunza, bila malipo, baada ya kazi zetu za mkate. Mwenzangu yuko ng'ambo. Namwita Kinyozi, maana ukimpa kazi uliyoandika inarudi nusu. Maombi yamefika karibu elfu. Mengine yanapingana, mengine yaliandikwa na watu walioshaacha kuitumia. Nikiufungua ukurasa ule moyo unanienda mbio kama nimefumaniwa. Tumekubaliana kwamba mwisho wa Juni tunafagia: ombi lililokaa zaidi ya miaka miwili bila mtu kulifafanua linafungwa.

Hilo lako ni la ajabu. Limewekewa alama nyingi za dole gumba kuliko lolote, kutoka hospitali, viwanda, hoteli, hadi wazimamoto. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Nimeuliza pale mara kadhaa: mnalihitaji kwa kazi gani? Kimya. Kinyozi anasema ni la watu waliogombana, na tukiliruhusu kesho kila ratiba itakuwa makundi ya marafiki. Nami naona ana hoja. Mtu asiyetaka kusema shida yake nitamsaidiaje? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Waambie wenzako waandike sababu, hata mstari mmoja, nami nitalipigania.

Mwanao


20 Aprili

Kwanini,

Marahaba. Baba yako alipiga picha goti, na si viatu. Amepewa vidonge na anatembea akilalamika, ambayo ni dalili ya afya. Mama yako ananinunia kwa ajili ya kijani. Chiriku yupo. Siku hizi anakula akimaliza anaosha sahani yake, anakwenda chumbani kwake. Nimemuuliza kama anaumwa, akasema amechoka tu.

Methali hiyo usiniletee tena. Mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote, najua mficha uchi ni nani na hazai kwa sababu gani. Anayeambiwa avue mbele ya dunia nzima, jina lake likiwa juu, yeye hafichi. Yeye anajistiri. Wewe umeona madole gumba mengi na maneno hakuna, ukahesabu kwamba shida haipo. Mimi nilipoona ukurasa ule nilikaa chini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wewe ndiye umewekwa kusikiliza.

Haya, nitakuambia jengo lilivyo, mengine utayajua mwenyewe kwa kuwa si mtoto. Stoo yetu ya dawa iko mwisho wa korido, baada ya chumba cha mashuka. Ina mlango mmoja. Mlango una funguo, na funguo zina mtu. Tunamwita Bwana Funguo, na yuko pale tangu kabla sijahamia. Kila jioni, kabla ya kugawa dawa, muuguzi wa zamu lazima aingie naye, wahesabu pamoja, wasaini. Asubuhi duka la dawa liko wazi na watu wanapishana. Jioni ni wawili tu, yeye na aliyepangwa.

Tangu nilipokuwa napanga ratiba mwenyewe, jioni yake nimejiweka mimi. Mashine ilipokuja nikawa nabembeleza aliyepangwa tubadilishane. Wengine hawajui kwa nini nambembeleza mtu anipe zamu mbaya, wananicheka. Na mimi sigusiki, nimeshakuwa mzee na nina mdomo. Lakini mgongo umeanza kukataa, na mwezi uliopita nililazwa siku mbili ambazo sikukuambia. Siku hizo alipangwa mwingine.

Desemba naondoka. Uliuliza natafuta nini huko jioni. Umejibiwa, na nimeandika zaidi ya nilivyokusudia.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi mpenzi, shikamoo,

Nimeisoma barua yako, nikampa mke wangu. Aliimaliza, akaikunja vizuri, akasema, "Kila kazi ina stoo yake," kisha akaenda kumwogesha mtoto. Nimeishi naye miaka yote hii na sikujua. Sikumuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kuuliza.

Salamu nyingine nitazileta siku nyingine. Nimeanza kazi jioni hiyohiyo. Kila mfanyakazi ana ukurasa wake ndani ya programu, anapoandika likizo na siku asizoweza; humo ndimo atakapochagua mtu asiyepangwa naye. Kinyozi alikataa, tukabishana wiki nzima hadi tukafika mahali. Kuna jambo dogo la utaratibu alilolisisitiza nami nikalikubali ili mambo yaende, si la kukuumiza kichwa. Toleo jipya linatoka tarehe moja Juni. Waambie wenzako wavumilie kidogo.

Na huyo Chiriku, ndiye aliyepangwa siku zile mbili? Usijibu kama hutaki.

Mwanao


19 Juni

Leo hakuna salamu.

Toleo lenu limeingia. Jambo dogo la utaratibu nimeliona. Ni kisanduku, kimeandikwa SABABU, na mtu asipokijaza programu haimruhusu kuendelea. Hukuniambia. Ungeniambia ningekupigia mpaka hicho kikao chenu kiahirishwe.

Chiriku alikijaza. Nilimwambia mimi mwenyewe kwamba njia imepatikana, kwamba imetengenezwa na mtoto wa kaka yangu, aiamini. Alikwenda kwenye kompyuta ya wauguzi, akachagua jina, akaandika maneno mawili. Jumatatu ofisi wakachapisha ratiba ya Julai, wakaibandika kwenye ubao mkabala na dirisha la kufulia, anapopita kila mtu. Chini ya ratiba, kwa herufi ndogo, lilikuwepo jina lake, jina la yule bwana, na sababu. Nilipofika watu walikuwa wamejazana pale kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Nikasukuma, nikasoma.

"Anafunga mlango."

Nikaichana. Lakini waliosoma walikuwa wameshasoma, na wenye simu walikuwa wameshapiga picha. Chiriku amejifungia chumbani kwangu uani, chakula namwachia mlangoni. Uongozi umemwita ajieleze na alete ushahidi. Na Bwana Funguo anapita wodini akichezea ule mkufu wa funguo, anawauliza wasichana huku anacheka, "Leo nifunge, au niache wazi?" Na wao wanacheka naye, Kwanini. Kwa kuwa wakinyamaza watajulikana.

Mtu mwingine angekwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu lililovunjika si lako.


8 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nimepiga simu siku barua ilipofika, ukakata. Nimepiga tena, ukakata. Ni haki yako.

Sina la kujitetea. Kinyozi alisema ombi lazima liwe na sababu inayoweza kuhakikiwa, nami nikaona ni busara, kwa sababu mimi pia napenda kujua. Kisha tukakimbilia tarehe. Ratiba ilikuwa imeandikwa zamani ichapishe kila kilichojazwa, hilo nilikuwa nalijua, na sikuchapisha hata karatasi moja kuona itatokaje. Nilitazama kwenye kioo cha kompyuta nikaona inapendeza. Nimeandika mambo haya hadharani kwenye ukurasa wetu, bila kutaja hospitali, nikawataka wote waliopakua toleo lile wasilitumie.

Kisanduku nimekitoa. Sasa mtu anachagua jina, basi. Haulizwi kitu. Chaguo lake halichapishwi, halionekani ofisini, na mwenyewe anaweza kulifuta akitaka. Kinyozi aliniandikia kwamba ninatengeneza silaha ya kumtenga mtu bila kujitetea. Nikamjibu kwamba amri ya kumfungia mtu mlango ndiyo imekuwa inatolewa bila sababu miaka yote, na sisi ndio tuliokuwa tunaichapisha. Akasema kama ndivyo basi nitunze programu peke yangu. Ameondoka na wembe wake. Sikulala vizuri, kwa sababu inawezekana hakukosea kote.

Najua hakuna atakayeigusa tena. Mtu akishaungua na maziwa hata mtindi anaupuliza. Lakini ipo. Nimewaandikia watu wenu wa kompyuta kama ninavyowaandikia wote, kwamba la Juni lina hatari na waliondoe.

Mwambie Chiriku. Au usimwambie kitu, wewe ndiye unayejua.

Mwanao


6 Agosti

Kwanini,

Marahaba. Baba yako anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Mama yako ameshasamehe. Mimi bado, lakini naandika.

Chiriku aliitwa mbele ya meza. Walikuwa mtu wa utumishi, mganga mkuu, na metroni wetu, mkuu wa wauguzi wote, ambaye huingia wodini mwenyewe tukipungukiwa. Niliomba niingie naye wakanikubalia nikae nyuma, nisiseme. Wakamuuliza ni siku gani, ni mkono upi, ni nani aliyeona. Aliyeona! Stoo haina hata dirisha. Metroni aliandika muda wote bila kuinua kichwa. Chiriku alisema yale maneno yake mawili, akarudiwa kuulizwa, akayasema tena. Wakampa onyo asichafue majina ya watumishi, wakamrudisha kazini. Bwana Funguo hawakumuuliza kitu.

Jana nilipita chumbani kwake nikaona sanduku limefungwa kamba. Ameniambia wazi: ratiba ya Septemba ikimweka naye, haingii zamu, anaondoka, na uuguzi anauacha. Nilimwambia nitabadilishana naye. Akasema, "Shangazi, utabadilishana na wangapi?" Siku hizi na yeye ananiita shangazi. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, nikarudi.

Toleo lako jipya limewekwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, asubuhi wote tukiwa tunavaa, nilisema neno moja tu: "Kisanduku hakipo. Sasa hakiulizi." Wakaendelea kufunga vifungo. Nani ameigusa na nani hajaigusa sijui, wala sitaki kujua. Ratiba ya Septemba imechelewa, itatengenezwa wiki ya mwisho ya mwezi. Usiku wala mchana sina raha.

Shangazi yako


28 Agosti

Shikamoo shangazi, haraka haraka, barua hii naituma kwa basi ili ikuwahi.

Asubuhi ya leo taarifa ya hitilafu imeingia kwenye ukurasa wetu kutoka ofisi ya utumishi ya hospitali yenu. Nainakili kama ilivyo:

"Programu imegoma. Kuna mtumishi mmoja wa stoo haimpangii zamu yoyote, si asubuhi wala jioni. Tumejaribu kubadilisha wauguzi mara nyingi. Inaandika: Hakuna anayeweza kupangwa naye. Tafadhali rekebisheni upesi, mwezi unaanza."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mimi sioni waliochagua, nilikuambia hakuna anayeona. Lakini hesabu ni hesabu. Akibaki muuguzi mmoja tu ambaye hakumchagua, mashine humweka huyo, hata kama ni zamu zote za mwezi. Ili iandike maneno yale lazima iwe imejaribu kila mmoja wenu ikakataliwa. Kila mmoja, shangazi. Wale waliokuwa wanacheka naye, wote.

Na kuna jambo jingine. Kanuni ya hospitali yenu naijua, niliiandika kwa mkono wangu: wauguzi wote wakikosekana, programu humjaribu metroni kabla ya kukata tamaa. Imemjaribu. Kwa hiyo metroni naye?

Ofisi nimewajibu hadharani: "Programu haina hitilafu. Inafanya walichoomba wauguzi wenu." Saa moja baadaye Kinyozi, ambaye hajanisemesha tangu Julai, akaniandikia anataka kurudi.

Niambie Chiriku yuko.

Mwanao


17 Septemba

Kwanini wangu,

Marahaba mwanangu, marahaba mara nyingi. Sote wazima, na nasikia mtoto sasa anakwenda mbele na hashikiki. Baba yako ametupa vile viatu hata hivyo. Chiriku yuko. Ameifungua ile kamba akaitumia kuanikia nguo, na jana alinisimulia mchezo mzima wa redio ambao niliusikiliza mwenyewe nikiwa kando yake. Nilimwacha aseme.

Ofisi walihangaika siku nne. Wangeweza kumpangia kwa kalamu, lakini kalamu inataka mtu wa kuishika, na wao wamezoea kusema ni mashine. Mtu wa utumishi alizunguka wodini anatafuta muuguzi mmoja tu wa kujitolea kufanya zamu na Bwana Funguo. Kila aliyemfikia alikuwa na mgonjwa wa kumgeuza. Mwisho wamemwambia yule bwana akae nyumbani mpaka ratiba ipatikane, na mganga mkuu ameanza kuuliza maswali ambayo hakuyauliza siku ile. Funguo zimekabidhiwa muuguzi wa zamu. Mlango wa stoo siku hizi tunauegemeza tofali.

Mimi nimepangwa asubuhi. Saa nane nikawa nyumbani, nimekaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto, sijui la kufanya na mchana wote ule.

Uliniuliza habari ya metroni. Juzi tulikutana kwenye korido, karibu na mashuka. Alisimama, akashika mkono wangu akaukaza, machozi yamemjaa, kisha akaendelea na safari yake. Sikumuuliza kitu. Mimi nilipohamia hospitali hii nilimkuta, msichana mwembamba wa zamu za jioni, na wakati ule hapakuwa na mtu wa kubadilishana naye.

Shangazi yako